Mkataba wa akiba ya nyumba Ujerumani, tusaini au tuachane nao?

Mpangaji_Bavaria: Wadau mlioko Ujerumani naombeni ushauri. Mimi na wife tunataka kununua apatimenti huku Bavaria miaka kama minane ijayo hivi, sasa benki wametuletea ule mkataba wa akiba ya nyumba, Bausparvertrag, wa euro 50,000. Tunaweka akiba mpaka ifike nusu halafu nusu nyingine wanatukopesha kwa riba iliyoandikwa leo. Ada ya kufungua ni asilimia 1.6 ya hela yote, yani 800 inaondoka hata hatujaanza, na riba ya akiba yenyewe kiduchu mno. Inalipa kweli au jamaa anatafuta kamisheni tu?

kodi_kila_mwezi: Kamisheni anapata, hilo halina ubishi 😂 Ila ukiangalia riba ya akiba utaona hasara tupu mkuu, unacholipia pale ni riba ya mkopo wa baadae. 2021 mikopo ya nyumba ilikuwa inachezea asilimia 1, mwisho wa 2022 ikafika karibu 4, wenye mikataba ya riba ndogo ndo wakacheka. Ikishuka tena 800 yenu imeenda na maji. So mna uhakika mtanunua? Kama mkopo hamtauchukua wekeni tu hela akaunti ya kawaida.

mama_wa_koln: Mmesahau ruzuku ya serikali jamani. Mke na mume mkiweka hadi euro 1,400 kwa mwaka wanawaongezea asilimia 10, yani 140, mradi kipato chenu cha kukatwa kodi kisizidi 70,000. Kwa miaka minane ni 1,120, ile ada imeshajilipa. Ila haiji yenyewe, mnaiomba. Na muulize kazini, waajiri wengi wanachangia akiba ya mfanyakazi hadi euro 40 kwa mwezi na inaweza kuingia humo humo.

fundi_bomba: Tarehe je? Hata mkishafikisha nusu mnasubiri zamu, na sheria inawakataza kabisa kuwaahidi mapema siku ya kutoa hela, kwahiyo nyumba nzuri ikitokea kabla ya hapo mtahangaika kukopa kwingine. Halafu mkopo huu unalipwa fasta, rejesho la mwezi mara nyingi wanapiga euro 6 kwa kila 1,000 ya mkataba mzima sio ya deni, hapo kwenu ni 300 na bado mkopo mkubwa wa benki uko pembeni, maana 50,000 Munich labda mpate pa kupaki gari 😅

Mpangaji_Bavaria: Duh hiyo 300 hakuitaja kabisa. Kipato chetu kiko chini ya hapo dada so ruzuku tunapata. Nitamwambia ashushe iwe 30,000, ada inabaki 480, na rejesho atuandikie kabisa.

kodi_kila_mwezi: Na riba ya mkopo pia aandike, halafu chukueni ofa ya kampuni nyingine mbili msaini baadae, hakuna anayewakimbiza.