Diski C imeharibika: nitaitengenezaje bila kugusa D na E?

Mwenye duka, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Wete, na kompyuta yangu inatumia Windows 10. Juzi usiku umeme ulikatika na kurudi mara tatu mfululizo wakati mashine ikijisasisha, na tangu hapo haimalizi kuwaka: inazungusha duara, inaleta ukurasa wa buluu wa kujirekebisha, kisha inajizima na kuanza tena. Fundi niliyempelekea anataka kufomati kila kitu na kupiga Windows upya. Nimekataa, kwa sababu D ina barua na fomu za wateja za miaka sita, na E ina picha za harusi ambazo wenyewe bado hawajazichukua. Je, ipo njia ya kuitengeneza C peke yake?

Fundi, Mlandege

Waalaykum salaam. Kabla ya kukujibu, fungua kasha utwambie: C, D na E ni diski ngapi za kushika mkononi? Herufi si diski. Diski moja inaweza kugawanywa sehemu mbili zikaitwa C na D, na mtu akiifuta diski nzima zote mbili zitakwenda, hata kama alikusudia C tu.

Mwenye duka, Wete

Nimefungua. Iko SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 240 na diski ya kawaida ya TB 1. Nakumbuka D haikuzidi GB 120, kwa hiyo naona imo pamoja na C.

Fundi, Mlandege

Basi iliyo hatarini ni D. Zima mashine, itoe kwenye umeme, kisha chomoa waya wa data wa ile diski ya TB 1. Isiyounganishwa haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya.

Usirekebishe chochote kabla ya kutoa nakala. Tengeneza fleshi ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta usio Windows), aina ya Ubuntu inatosha, uwashe kompyuta kwa fleshi hiyo na uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Nakili D yote kwenye diski ya nje, pamoja na foleda ya Users iliyomo ndani ya C, maana wengi husahau kwamba vitu walivyoviacha kwenye uso wa kompyuta vimo humo. Ikikwambia kuwa unaweza kusoma tu na huwezi kuandika, usilazimishe. Kwa kazi hii kusoma kunatosha. Ikiwa kunakili kunakwama kila mara au SSD inapotea na kurudi, huenda diski yenyewe inakufa, na hapo amri za kurekebisha zinaweza kuimaliza kabisa.

Nakala ikikamilika, chukua fleshi nyingine ya GB 8 au zaidi, uiwekee Windows 10 kutoka tovuti ya Microsoft, uwashe nayo, na uchague kurekebisha kompyuta, si kusakinisha. Ingia kwenye dirisha la amri uendeshe chkdsk kwa ajili ya mpangilio wa diski, kisha sfc kwa ajili ya faili za mfumo.

Mwalimu wa kompyuta, Chake Chake

Fundi amesema vyema, lakini naongeza tahadhari. Ukiwasha kwa fleshi, herufi zinaweza kubadilika, na C yako ikaitwa D. Andika diskpart, yaani programu ya kugawa diski, kisha list volume, uitambue kwa ukubwa wake, halafu utoke kwa exit. Ndani ya diskpart usiandike kabisa neno clean, kwani linafuta mgawanyo wote wa diski uliyoichagua bila kukuuliza mara ya pili.

Pia, usishtuke ukiambiwa hakuna diski ya kuwashia baada ya kuchomoa ile ya TB 1. Windows ikisakinishwa huku diski mbili zimeunganishwa, sehemu ya kuwashia mara nyingine huwekwa kwenye diski ya pili. Maliza matengenezo, kisha urudishe waya. Na kama C imefungwa kwa BitLocker (kufuli la siri la Windows), utahitaji ufunguo wa tarakimu 48.

Ikishindikana na ukalazimika kupiga Windows upya, fomati sehemu ya C peke yake. Kitufe cha kufuta sehemu usikiguse.

Mwenye duka, Wete

Nakala ilichukua saa tatu. Kweli C ilijitokeza kwa jina la D, na lau si mwalimu ningeendesha amri mahali pasipo. Niliandika chkdsk D: /f, kisha sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows, nayo ikasema imepata faili mbovu na kuzitengeneza. Mashine imewaka, nimerudisha waya wa TB 1, na picha za harusi zote zipo. Sasa natafuta UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika. Mwenye kujua bei ya Darajani anijuze.