Mliosoma PhD ya uongozi wa elimu ya juu huku mnafanya kazi, tupeane uzoefu

Mtumishi wa Kati
Wakuu, heshima kwenu. Juzi idarani tumekata keki ya mwenzetu aliyevaa joho jekundu baada ya miaka ambayo sote tulishaacha kuihesabu. Watu wanapiga vigelegele, mimi naangalia flashi yangu yenye sura tatu tangu awamu iliyopita. Mchana niko udahili, usiku natakiwa niwe msomi wa utawala wa vyuo vikuu. Waliopita njia hii, kipi kilikaribia kuwaangusha? Wale wa "PhD ya nini" naomba mpite kimya kimya.

Kijana wa Chang'ombe
PhD ya nini?

Mama Wawili
Hajakawia 😂

Mzee wa Masijala
Mimi ni barua za kibali cha utafiti. Chuo kilinipa ya kwangu nikadhani nimemaliza. Mkoani nikapita kwa RAS, katibu tawala wa mkoa, nikashuka kwa DAS wa wilaya. Kisha kila chuo nilichokwenda kikataka barua ianzie kwa Makamu Mkuu, iende kwa Naibu, ndipo ifike kwa Msajili, na Msajili yuko semina Morogoro. Hapo kazini umeombea ruhusa Ijumaa moja tu. PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, nayo haijui kama una Sura ya Nne, inataka ujaze ulichotekeleza.

Wa Nakuru
Heri yenu. Huku Kenya kuna leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi, ya mwaka mmoja, ikiisha kabla hujamaliza kukusanya data unaomba upya. Mimi sikwenda kwa mapenzi. Mwaka 2014 tume ya vyuo vikuu ilisema kufikia 2019 kila mhadhiri awe na PhD, watu wakafurika kujiandikisha kama foleni ya kodi KRA tarehe 30 Juni. Halafu ukifika mwisho unadaiwa makala mbili kwenye majarida, na majarida ya matapeli yanakutumia imeli kila asubuhi: "Mpendwa Profesa..."

Mtumishi wa Kati
Mimi huwa wananiita Profesa hata mke wangu hajawahi.

Mhandisi Asiye na Mwajiri
Samahani wadau, lakini PhD za elimu ni dodoso tu. "Nakubali sana, nakubali, sina uhakika." Programu ya takwimu, SPSS, ikitema jedwali, tayari daktari.

Mama Wawili
Mhandisi, ushawahi kukaa mbele ya Naibu Makamu Mkuu wa fedha ukamuuliza ada za wanafunzi zinakwenda wapi, na wewe ni mwajiriwa wake? Jaribu, kisha urudi kwenye zege lako.

Dada wa Usajili
Mama Wawili umenitonesha. Ngoja niseme.

Mada yangu ilikuwa kwa nini wanafunzi wa PhD wanaosoma huku wanafanya kazi wanachelewa kumaliza. Chuo nilichokichunguza ndicho kinachonilipa mshahara. Niliona nafuu, nauli sitoi na watu nawajua. Kamati ya maadili ikapitisha, nikasaini kwamba jina la nitakayemhoji halitoki.

Mhadhiri mmoja akafunguka mpaka nikaogopa. Rasimu zinalala kwa wasimamizi mwaka mzima. Mtahini wa nje anaanza kutafutwa tasnifu ikishawasilishwa. Kuna wanaojibebesha wanafunzi wasiowaweza kwa sababu posho inafuata idadi. Sijui nani alipeleka maneno, ila yakafika juu kwamba yule dada wa usajili anakusanya mambo.

Nikaitwa. Bosi yuko na kaka wa kitengo cha sheria. Akaongea kwa upole, ule upole unaotisha kuliko kufokewa: "Dada, masomo yako tunayaunga mkono. Tuachie tu zile sauti ulizorekodi, tuboreshe huduma." Nikasema mkuu, nimesaini. Akasema na mkataba wa ajira umesaini pia. Simu yenye zile sauti iko kwenye mkoba, mapajani kwangu, na wakati huo huo ikaanza kuita. Aliyekuwa anapiga ni yule mhadhiri.

Nitaendelea, wanangu wanadai chakula.

Mzee wa Masijala
Wewe dada! Huwezi kukata hapo!

Kijana wa Chang'ombe
Mimi wa PhD ya nini nimevuta kiti. Rudi.

Mhandisi Asiye na Mwajiri
Kwani ni siri gani hiyo? Mwajiri ana haki ya kujua. Mpe, maisha yaendelee.

Wa Nakuru
Na yule aliyemwamini? Akifukuzwa utamlisha wewe?

Mhandisi Asiye na Mwajiri
Hakulazimishwa kuongea.

Mama Wawili
Ndiyo maana huna mwajiri.

Dada wa Usajili
Nimerudi. Sikupokea wala sikuitoa kwenye mkoba. Nikasema ombi lao waliandike, nami nitalipeleka kamati ya maadili, kamati ndiyo yenye kauli. Hawakuandika. Ila uhamisho ulikuja, "wa kawaida": kampasi ya mkoani, stoo ya karatasi za mitihani. Posho ya madaraka ikakatika, wanangu nikawahamisha shule katikati ya muhula. Huko stoo haji mtu, Sura ya Nne na ya Tano nimeziandikia humo. Mhadhiri bado yupo kazini, na hatujapigiana simu tangu siku ile.

Treni ya Jioni
Ushauri wangu: chunguza chuo cha wengine. Mimi niko Dodoma, msimamizi wangu Dar, na tangu SGR ianze 2024 nasoma rasimu nzima njiani.

Mzee wa Masijala
Chuo cha wengine hawakupi hata takwimu za udahili. Chunguza kwenu, ila hoji waliostaafu. Mstaafu haogopi uhamisho.

Mtumishi wa Kati
Dada, pole sana. Mimi mada yangu ni mgawanyo wa fedha za ndani, na chuo ni hiki hiki. Mahojiano na Mkuu wa Fedha ni Alhamisi. Nirekodi au niandike kwa mkono?

Dada wa Usajili
Andika kwa mkono. Na simu iache nyumbani.

Wa Nakuru
Rekodi! Ukiandika kwa mkono atakukana mbele ya watahini.