Ukungu ute na kansa: tusichemshe, ila pia tusidharau

Wakuu tulijadili hili bila matusi. Kuna voisi inazunguka wasapu, jamaa anadai ukungu ute, ule ute wa njano unaoota kwenye magogo yaliyooza, unaua kansa, tuuchemshe tunywe. Na humu kuna waliomjibu kwamba ni upuuzi mtupu, hela yote ya kansa iende kwenye mashine za mionzi. Mimi sikubaliani na upande wowote, ila wa voisi ndio wa hatari zaidi.

Huo ute mmeuona, masika ikikolea unaamka unakuta umetanda kwenye gogo la mwembe uani, unateleza, baada ya muda umekauka ukiugusa unatoa vumbi la kahawia. Sio uyoga wala mmea, ni kiumbe kinachotambaa polepole kinakula bakteria. Na kemikali kwenye jamii hiyo zipo kweli. Aina moja, Dictyostelium, imetoa kitu kinaitwa DIF-1, kimezuia seli za kansa zisiongezeke, lakini ni huko maabara, sio kwa binadamu. Aina nyingine, Physarum, inatengeneza asidi ya polimaliki, na kule hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, wameitumia kubebea dawa hadi kwenye uvimbe wa panya. Sasa jamani, hata jiki ukiimwagia seli za kansa maabara zinakufa, utamnywesha mama yako?

Nyie wa upuuzi mtupu nanyi, kile kiua cha pinki kilichojaa mabarazani Magomeni, asili yake Madagaska, ndio kilitoa vinkristini wanayotibiwa watoto wenye kansa ya damu. Na dawa hiyohiyo inapita kwenye mshipa tu, ikikosewa ikachomwa uti wa mgongo inaua, ndio maana mambo ya kuchemsha nyumbani nayapinga kwa nguvu zote. Paklitakseli nayo, dawa ya kansa iliyotoka kwenye gome la mti, gome lilikusanywa Marekani 1962, ruhusa ya kuitumia ikatoka 1992, miaka thelathini ya uchunguzi. Mwaka 2011 kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo kilifanya watu waache dozi zao, tusirudie.

Kwa hiyo mgonjwa wa kansa pale hospitali ya Ocean Road aendelee na matibabu yake, asiache hata siku moja. Ila serikali iwape hela wale wa Taasisi ya Tiba Asili pale MUHAS, chuo kikuu cha afya, wachunguze huo ute kuanzia msitu wa Pugu hadi Uluguru. Mnaopinga nijibuni: wageni wakibeba sampuli wakatengeneza dawa, sisi tutauziwa bei gani? Madagaska walipata nini kwenye kile kiua?