Fundi kanipachikia bakodi za kubuni, bidhaa 96 zimekataliwa wiki mbili kabla ya Idi. Huu mchezo ukome!

Wakuu, habari zenu. Nimeandika uzi huu nikiwa nimekasirika na sitaki kuficha.

Nina duka la mtandaoni hapa Dar. Nauza viatu vya kike, khanga, mafuta ya nazi, na sabuni za mwani zinazotengenezwa na kikundi cha akina mama wa Paje, Unguja. Oda zangu nyingi zinatokana na matangazo ya ununuzi, yale ambayo mtu akitafuta kitu anaona picha, bei na jina la duka hapohapo. Jumatatu ya wiki iliyopita nafungua akaunti asubuhi, bidhaa 96 zimekataliwa. Nyekundu juu mpaka chini. Kitambulisho kimejirudia. Namba ya bakodi si sahihi. Namba ya bakodi imehifadhiwa. Wiki mbili kabla ya Idi, mzigo umejaa stoo, na nusu ya mzigo huo nimeuchukua kwa mali kauli.

Nikampigia fundi aliyenitengenezea tovuti, mtu niliyemlipa 350,000. Jibu lake: "Dada usijali, hilo dogo, weka namba yoyote ambayo haijatumika, mfumo utakubali."

Weka namba yoyote! Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu mwanzo ndivyo alivyokuwa akifanya.

Nilikaa siku nne na faili la orodha ya bidhaa, lile linalopandishwa kwenye matangazo, mstari kwa mstari, na kila nilichokikuta kimenizidishia hasira. Naanza na viatu. Nina kiatu kimoja kinakuja saizi 37 hadi 41, rangi mbili, nyeusi na kahawia. Hiyo ni mistari 10 kwenye faili. Yote 10 ameipa id moja (id ndiyo kitambulisho cha bidhaa kwenye orodha), KT-014. Mfumo ukikuta id moja mara kumi hauwezi kujua kwamba ni saizi tofauti, unabakiza mstari mmoja na mingine inatupwa. Uliobaki ni saizi 41 nyeusi. Kumbe ndiyo maana miezi yote hii wateja wananiuliza WhatsApp, "Dada, ile ndogo imeisha?" Haijaisha! Iko stoo, pea 14, inakula vumbi kwa sababu mtu aliona uvivu kuandika KT-014-37-NYEUSI.

Na dawa yake haihitaji hata fundi. Kila saizi na kila rangi inapewa id yake, halafu zote zinaunganishwa kwa safu inayoitwa item_group_id, ambayo ndiyo inayobeba ile KT-014 ya pamoja. Id ni ya kwako mwenye duka, unaitunga mwenyewe, mradi isizidi herufi 50 na isijirudie. Ukishaitunga usiiguse tena mpaka bidhaa itoke sokoni.

Hilo la kutoigusa nalisisitiza kwa sababu ya alichofanya baadaye. Nilipomlalamikia mara ya kwanza, mwezi uliopita, "alirekebisha" kwa kuweka programu ndogo inayobandika tarakimu za bahati nasibu mwisho wa kila id. Kila usiku faili likipanda, id zinakuwa mpya. Kwa hiyo kila asubuhi duka langu zima lilikuwa linaonekana ni bidhaa zilizozaliwa jana: historia ya kubofywa na kununuliwa imepotea, na ukaguzi unaanza upya, ambao peke yake unachukua siku kadhaa za kazi. Mwezi mzima nimelipia matangazo ya bidhaa ambazo mfumo haukuwahi kupata nafasi ya kuzijua.

Sasa bakodi, na hapa ndipo damu inaponichemka.

Bakodi si id. Bakodi, ile namba wanayoiita GTIN, hutungi wewe wala fundi wako. Inatoka kwa mtengenezaji, na mtengenezaji anapewa fungu lake la namba na GS1, shirika la kimataifa linalosimamia namba za bakodi. Zile zinazotolewa na GS1 ya Tanzania zinaanza na 620, za Kenya 616. (Watu wengi wanadhani hizo tarakimu zinaonyesha bidhaa imetengenezwa wapi. Hapana, zinaonyesha kampuni ilijiandikisha wapi.) Namba moja, bidhaa moja, dunia nzima. Mafuta ya nazi ya mililita 250 yana yake, ya mililita 500 yana yake.

Mafuta yangu yana bakodi halali, zimechapwa kwenye chupa. Nilimpa zote kwenye karatasi. Akaziingiza Excel bila kuiambia safu ile kwamba ni maandishi, na Excel ikikuta namba ndefu namna hiyo inaifupisha: tarakimu 13 zinageuka kuwa 6.20112E+12. Akahifadhi faili hivyohivyo. Likifunguliwa tena, tarakimu za mwisho zote zimekuwa sifuri. Na kwa kuwa chupa zote nne zinatoka kiwanda kimoja, mwanzo wa namba zao unafanana, kwa hiyo zote nne zimekuwa na bakodi ileile moja. Namba nne halali zimeuawa kwa kubofya hifadhi. Wenzangu mnaotumia Excel, chagueni safu nzima, iwekeni kuwa maandishi KABLA ya kuandika namba hata moja. Ukiweka baada, zimeshaondoka. Na kama unauza vitu kutoka Marekani vyenye namba za tarakimu 12 zinazoanza na sifuri, angalia vizuri, ile sifuri ya mbele nayo inaliwa.

Halafu sabuni. Akina mama wa Paje hawana bakodi. Wanavuna mwani, wanaukausha, wanausaga, wanatengeneza sabuni kwa mkono na kuifunga kwenye karatasi. Kitu kama hicho hakilazimiki kuwa na bakodi! Kuna safu ya identifier_exists, unaandika "no", unaacha safu ya bakodi wazi, basi. Mfumo wenyewe umewawekea nafasi watengenezaji wa mikono. Fundi yeye akaenda kwenye tovuti fulani inayozalisha namba bure, akachukua namba 8 zinazoanza na 200. Namba zinazoanza na 2 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya maduka, kama nyama au matunda yanayopimwa kwenye mzani wa supamaketi. Haziruhusiwi kutoka nje ya duka hilo. Ndiyo maana ya "namba imehifadhiwa".

Zilipokataliwa, akanunua nyingine kwa mtu anayeuza bakodi kwa bei ya kutupa. Nilichukua moja nikaitafuta kwenye huduma ya GS1 ya kukagua namba, ambayo iko wazi kwa yeyote. Ikaja kampuni ya nje kabisa, haina uhusiano wowote na Paje. Yaani sabuni waliyoitengeneza akina mama kwa mikono yao ilikuwa inatangazwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Ingekuwa ni mtu anatembea na kitambulisho cha NIDA cha jirani, tungekuwa polisi saa hii.

Nilipompigia kiongozi wa kikundi kumweleza kwa nini oda zimesimama, aliniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani sabuni yetu imekosa nini?" Nikakosa la kumjibu. Haijakosa kitu, mama. Kosa lote liko kwenye faili.

Na huo ujanja wa kubuni hauwezi hata kufika mbali, kwa sababu tarakimu ya mwisho ya bakodi ni ya ukaguzi. Chukua mfano 620123456789. Unazidisha tarakimu kwa 1, kwa 3, kwa 1, kwa 3, hivyohivyo mpaka mwisho, unajumlisha: 107. Kinachopungua kufika 110 ni 3, basi tarakimu ya 13 lazima iwe 3. Ukiandika nyingine yoyote, mfumo unaikataa papo hapo. Mtoto wa darasa la tano anaweza kupiga hesabu hiyo, fundi wa 350,000 hakuijua.

Wenye majukwaa ya matangazo nao nina lao. Ujumbe unasema "kitambulisho kimejirudia", lakini kimejirudia na kipi? Nimebofya bidhaa moja moja kutafuta pacha wake. Nikaandika kwa huduma kwa wateja mara tatu, mara tatu nikajibiwa maneno yaleyale ya kunakili yanayonielekeza kwenye ukurasa nilioanza nao. Mwisho nimewapata pacha mwenyewe: nimepanga safu ya id kwa alfabeti, zinazofanana zikakaa pamoja, nikafanya vivyo hivyo kwenye bakodi. Nyingine zilikuwa hazionekani kwenye faili hata kidogo, kwa sababu bidhaa zilikuwa zinapanda kwa njia mbili, tovuti ikituma zake na faili la zamani bado limeunganishwa likituma zilezile. Nimelikata hilo la zamani, matatizo 22 yameondoka kwa mkupuo. Kama una orodha zaidi ya moja kwenye akaunti, anzia hapo kabla ya kuhangaika na kingine chochote.

Id za awali nimezipata kwenye faili nililojitumia kwa barua pepe kabla fundi hajaweka ile programu yake. Nimezirudisha zote kama zilivyokuwa, viatu nimevigawa upya, bakodi za mafuta nimeziandika kwa mkono nikisoma kwenye chupa. Sabuni zote 8 zimepita bila bakodi. Hadi jana usiku 61 zilikuwa zimerudi hewani, 35 bado zinakaguliwa, na Idi hainisubiri.

Fundi, najua upo humu, na simu yangu hupokei. Nataka 350,000 yangu na nenosiri la tovuti yangu. Na wengine mliotengenezewa na mtu aliyewaambia "weka namba yoyote", fungueni akaunti zenu leo, angalieni safu ya bakodi, mkikuta zinazoanza na 200 njooni hapa mseme.