Nataka kuanzisha soko la wakulima mtaani kwetu Dar, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

MamaKitalu (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo, tangu juzi usingizi sipati.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, nimeolewa Dar mwaka wa 12 sasa. Kila nikienda nyumbani nakuta shangazi zangu wanauza kabichi shambani shilingi 300, 400. Nikirudi huku, kabichi ileile naikuta gengeni 1,500, na imeshachubuliwa majani ya nje imebaki ngumi. Shangazi analia, na mimi mnunuzi nalia. Nikajiuliza, kwa nini tusiwe na gulio la Jumamosi hapa mtaani, wakulima wauze wenyewe? Watu wa Lushoto walete karoti, kabichi na njegere, wa Mgeta kule Morogoro nao waje, na hawa wa mchicha na matembele wa humuhumu mjini wapate meza.

Eneo lipo, wakulima wapo. Maswali yangu ni mawili: nitapataje wateja Jumamosi ya kwanza, na bei tupange pamoja au kila mtu na yake?

Matusi hapana jamani.

Mzee wa Matenga
Binti yangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa. Nimekaa Ilala sokoni tangu nikiwa kijana, na kazi yangu ni ileile watu wanayoitukana, udalali.

Nikuulize. Mkulima wa Ilula, Iringa, anashusha matenga 80 ya nyanya saa 9 usiku. Anamjua nani hapa mjini? Mimi nawajua mama lishe, wenye magenge, na wanaochukua za kupeleka Zanzibar. Zikibaki kumi zimeanza kulainika, najua nani anazitaka za kusaga. Na nauli ya kurudi akikwama namkopesha. Dalali mwizi yupo, sikatai, anayemwambia mkulima bei imeshuka kumbe imepanda. Lakini ukimtoa dalali, kazi yake haitoki. Itabaki mezani inakungoja wewe.

Ushauri wangu: usiwalete wakulima wote. Mkulima ana shamba, Jumamosi nzima akisimama Dar nani anamwagilia? Kila watu kumi watume mmoja anayejua kuuza, na wakubaliane mapema hasara ya zilizooza ni ya nani. Hapo ndipo vikundi vinapofia.

Mkaazi wa Umoja
Salamu kutoka Nairobi. Huku tuko na soko kubwa katikati ya jiji linaitwa Wakulima, wengi wetu twaliita Marikiti. Lakini mkulima mwenyewe humuoni, ni mabroka wamejaa. Kwa hivyo jina tu halisaidii mtu. Kama wataka liwe la wakulima kweli, weka sheria ya nani aruhusiwe kuuza, na uikague. Ukiacha hivyo, ndani ya miezi mitatu wachuuzi watakuwa wamechukua meza zote.

Bintikoo
Dada hongera kwa wazo. Mimi nikisikia neno soko roho inaniuma. Tarehe 10 Julai 2021 usiku, Soko Kuu la Kariakoo linaungua, nilikuwa nimesimama mbali nashikwa mikono na watu nisikimbilie ndani. Mama yangu alifanya biashara mle tangu mimi nipo tumboni. Lile jengo lenye paa kama miavuli, alilolichora msanifu Beda Amuli, watoto wa Kariakoo tumekulia kivulini mwake. Mizani ya mama hatukuiona tena.

Samahani nimetoka kwenye mada. Nilitaka tu kusema uweke ndoo za mchanga na usiruhusu mtu kupika kwa mkaa karibu na maturubai.

Mtendaji Mstaafu
Naona wote mmejibu mambo ya bei. Mimi nauliza moja: umesema "eneo lipo". Ni la nani?

MamaKitalu
Asante Mzee, shikamoo, nimejifunza. Bintikoo pole sana mdogo wangu.
Mtendaji, eneo ni la wazi, tumeshaelewana na uongozi wa mtaa. Kwa hiyo hapo hakuna shida. Naomba turudi kwenye wateja.

Mtendaji Mstaafu
Kuelewana si barua. Mama, mwenye mamlaka ya kuanzisha soko au gulio ni halmashauri. Mtaa unaweza kupitisha ombi kwenye mkutano na kulipeleka kata, kutoka kata liende manispaa, waje afisa biashara, mipango miji na bwana afya waangalie choo, maji na pa kuweka taka. Una muhtasari wa mkutano? Umelipa chochote? Kama umelipa, ulipewa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali?

Shamba Darasa
Kuhusu wateja: anza na kundi la WhatsApp la mtaa. Alhamisi tuma orodha ya bei, Ijumaa chukua oda. Mimi nilikuwa nauza mayai hivyo, trei 40 kwa wiki bila kuwa na duka. Nilikuja kuacha kwa sababu ya mke wangu wa kwanza, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Kabwela
Mkuu tupe hiyo hadithi, mboga zitasubiri 😂

Mtendaji Mstaafu
MamaKitalu, bado nangoja.

MamaKitalu
Sawa, ngoja niseme.

Nimelipa 900,000 kwa kiongozi mmoja wa mtaa. Risiti sina. Aliniambia ni ya "kufungua eneo" na kwamba barua itafuata. Hela si yangu. Ni michango, elfu hamsini kila mmoja, watu 26. Wengine ni shangazi zangu na majirani zao kule kijijini, wengine wanawake wa kikoba chetu hapa. Iliyobaki tumechongesha meza na kununua maturubai.

Na eneo lenyewe liko pembeni ya barabara kuu. Ukuta wa nyumba ya nyuma yake una X nyekundu. Lakini hiyo X ni ya zamani, imefifia, na kuna watu wana vibanda pale mwaka wa saba hawajaguswa. Naomba msinihukumu. Angalieni pia kwamba pale ndipo watu wanaposhukia daladala, mteja hatafutwi, anajileta. Nikienda ndani ya mtaa nani atanifuata?

Mtendaji Mstaafu
X nyekundu maana yake aliye pale yumo ndani ya hifadhi ya barabara na fidia hana. Ya kijani ndiyo ya kulipwa. Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Kwa hiyo hata huyo kiongozi angekuwa na nia njema, amekupa kisicho chake wala cha manispaa.

Mwana Kimara
Dada, rangi kufifia haifuti X. Mimi yangu ilififia hadi nikapiga chokaa juu. 2017 greda la bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro lilipofika Kimara nilitoka na mabati, kitanda na picha ya harusi. Na pale hifadhi ilikuwa pana kuliko hizo mita 30. Hao wenye vibanda miaka saba, wanajua siku yoyote wanakunja turubai na kukimbia. Mwanamke wa Lushoto na magunia yake ya karoti atakimbilia wapi?

Mama wa Imani
Mimi niseme ukweli, hili ndilo tatizo letu. Tunaona haki yetu iko mbali, tunapitia dirishani. Ulipotoa laki tisa bila risiti ulijua. Mume wako anajua?

MamaKitalu
Hajui. Na sikuomba ushauri wa ndoa, mama yangu, samahani.

Kipima Maji
Hii ni chai wakuu, hadithi ya kutunga. Nimesoma mara mbili.

Kwanza, "Eneo lipo, wakulima wapo", halafu ghafla X nyekundu. Pili, huyu mtu kwenye uzi mwingine wa wiki iliyopita kasema alijaribu mzigo mdogo, gari likatoka Lushoto saa 12 jioni likafika Dar saa 4 usiku. Fuso ya kabichi, kona za Soni, Mombo, Segera, Chalinze, mizani, kwa saa nne? Hata basi tupu haliwezi. Subirini kesho atawaletea namba ya simu ya kuchangia.

Kabwela
Chai yenye tangawizi. Nilishangaa mbona inapanda vizuri.

Shamba Darasa
Saa nne kweli haiwezekani. Mleta uzi jibu hili, nilishaanza kukuamini.

Mkaazi wa Umoja
Lakini nyinyi pia, mtu wa kutunga angetunga kitu cha kumpendeza. Huyu amejianika mwenyewe.

MamaKitalu
Nimesoma nikiwa jikoni nikakaa chini.

Gari lilitoka Lushoto saa 12 jioni likafika saa 4 asubuhi ya kesho yake. Niliandika usiku, nilikosea, na lilichelewa kwa sababu tairi lilipasuka kabla ya Chalinze. Kabichi za juu zilikuwa sawa, za chini zilichemka zikaanza kunuka. Magunia sita tulitupa. Ndiyo maana nataka wauze wenyewe asubuhi hiyohiyo, zisilale tena. Sichangishi mtu hapa. Hizo hela za kina shangazi najua kila elfu hamsini ilitoka wapi. Mmoja aliuza mbuzi.

Mzee wa Matenga
Kabichi za chini kuchemka, hilo halitungwi na mtu aliyekaa ofisini. Ni kupakia bila kuacha njia za hewa. Mwambie anayepakia aweke mabua katikati, na turubai lisifunike hadi chini.

Kipima Maji, mimi namwamini huyu binti. Tumsaidie.

Mtendaji Mstaafu
Na mimi. Fanya hivi, kwa mpangilio huuhuu. Jumatatu asubuhi nenda kwa mtendaji wa kata, siyo wa mtaa, na meza zako usizisimamishe pale. Nenda na majina ya watu 26 na kiasi cha kila mmoja. Andika barua ya kurudishiwa 900,000, nakala yako igongwe muhuri ubaki nayo. Halafu omba eneo ndani: kiwanja cha shule siku ya Jumamosi, au ua wa kanisa au msikiti, kwa barua ya mwenye eneo. Siku moja kwa wiki ni rahisi kukubalika kuliko soko la kudumu.

Na kina shangazi uwaambie leo. Wasisikie kwa dereva.

MamaKitalu
Kata nitaenda. Lakini kuna jambo sikulisema. Gari la Jumamosi limeshapakiwa. Limeondoka saa 11 jioni hii, magunia 40 ya kabichi na 15 ya karoti, na shangazi wawili wamo kwenye kiti cha mbele. Niliogopa kuwaambia wasije.

Mwana Kimara
Lo. Limefika wapi?

MamaKitalu
Wamenipigia sasa hivi, wamepita Segera.

Mzee wa Matenga
Basi kabichi haitangoja barua. Mpe dereva namba yangu, nimekutumia kwenye ujumbe wa ndani. Aingie Ilala kabla ya saa 10 alfajiri. Magunia 30 ya kabichi nitakuuzia bila kuchukua changu, karoti na kumi yaliyobaki peleka kwa wale watu wako wa kikoba, wauze milangoni mwao. Shangazi zako wasimame na mimi pale mezani, waone kila bei inavyotajwa.

Shamba Darasa
Mimi nina kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Nitakuwa Ilala saa 10 kuchukua hizo za mtaani. Mafuta tu.

Kipima Maji
Uko upande gani wa Dar? Kabichi nne na karoti kilo mbili, nitalipa kwa simu nikizipata mkononi.

MamaKitalu
Nimewatumia wote ujumbe wa ndani. Nampigia shangazi sasa.