Haskell na programu za dirisha: hivi tunataniwa?

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Mteja wa duka la dawa anataka kitu kidogo tu: dirisha, jedwali la dawa, sehemu ya kutafutia na kitufe cha Hifadhi. Kompyuta ya kaunta ni Windows. Hesabu ya stoo niliiandika kwa Haskell, lugha ya programu ya kifanksheni, safi kabisa, ukichanganya boksi na kidonge kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inakukatalia hapohapo. Raha tupu. Kasheshe ni dirisha.

Ukitaka gi-gtk, maktaba ya kutumia GTK (zana ya kutengeneza madirisha na vitufe) kutoka Haskell, kwenye Windows, weka MSYS2 (zana za mtindo wa Unix kwa Windows), weka pkg-config ya kutafuta maktaba zilipo, weka GTK yenyewe, halafu omba njia za mafaili zisigombane. Ikikubali inaanza kuzalisha msimbo wa GTK na kuukompaili, laptopu inaunguruma, RAM inakwisha, unakwenda kula unarudi bado. Mwisho wa siku mteja unampa exe na lundo la DLL, mafaili ya maktaba inayoyategemea.

Hayo nameza. Kinachonipandisha hasira ni kilichomo ndani. Tumehubiriwa usafi wa fanksheni (isibadilishe chochote nje yake) miaka yote, lakini ukigusa kitufe tu kila kitu kinakuwa IO, amri za kugusa ulimwengu wa nje: badilisha lebo hii, futa ile, IORef (kisanduku cha thamani inayobadilika) hapa, IORef pale. Ni C iliyovaa kanzu ya Haskell! Ripoti ikigandisha dirisha, unaipeleka pembeni, kwenye uzi mwingine wa kazi, kwa forkIO. Ole wako uguse lebo ukiwa huko. GTK inataka kuguswa kutoka uzi wake mmoja, kwa hiyo kazi uirudishe kwenye uzi huo kwa fanksheni ya idleAdd. Ukisahau, kompaila haisemi neno, programu inakuja kuanguka mbele ya mteja. Na hii ndiyo lugha inayojisifu kukamata makosa mapema.

Msiniambie jambo hili halijafikiriwa. Fudgets, maktaba ya madirisha ya Haskell, ilitoka chuo cha Chalmers, Uswidi, mwaka 1993. Fran, maktaba ya uhuishaji ya Conal Elliott na Paul Hudak, 1997. Lugha ya Elm ikaja 2012, na muundo wake kila mtu anaujua: hali, ujumbe, fanksheni ya kusasisha, mchoro. Ila Elm ni ya brauza. Jamaa wa F#, lugha nyingine ya kifanksheni, wakaubeba muundo huohuo wakauweka juu ya Avalonia, maktaba ya madirisha, wanaita FuncUI, na maisha yanaendelea. Sisi tumebaki na makala za utafiti na maktaba zilizotelekezwa. Wa Monomer, maktaba ya madirisha ya Haskell, wamejitahidi, haki yao wapewe, lakini inajichorea kila kitu kwa OpenGL, inayotegemea kadi ya picha. Nenda nayo kwenye kompyuta ya kaunta yenye kadi ya picha ya kale uone.

Najua kuna atakayekuja na threepenny-gui, maktaba nyingine ya Haskell. Ile inaonekana ndani ya brauza, ndugu yangu! Mteja kaomba programu, si tabo ambayo muuzaji ataifunga bila kujua huku foleni imefika barabarani.

Mwenye programu ya dirisha ya Haskell inayotumiwa na mteja anayelipa, kwenye Windows, aeleze hapa aliifungashaje. Wale wa "kasome kwanza monad" (dhana ya Haskell ya kuunganisha hatua za kazi), piteni kimya kimya.