Nitatambuaje mradi bila kumjua mwenye mradi?

fundi_kondele: Wadau, nina programu ndogo ya kutengeneza ripoti za mauzo. Vijana wa hapa Kisumu na Kakamega wanaitumia. Nataka kujua iko kwenye miradi mingapi. Nikihesabu kompyuta najidanganya: mradi wa duka moja la dawa za mifugo, Ahero, uko kwenye laptopu tatu. Majina ya folda nayo bure, nusu yao wameandika "test". Je, programu ikichukua anwani ya hazina ya Git (mahali msimbo wa mradi unapohifadhiwa), ikaipitisha kwenye SHA-256 (kanuni inayogeuza maandishi kuwa msimbo usiosomeka, yaani heshi) kabla ya kunitumia, si itakuwa siri?

mama_seva: Hapana, kaka. Heshi hairudi nyuma, lakini anwani zinakisika. Nikiwa na orodha ya hazina zilizo wazi, nazipitisha zote humo na kulinganisha na heshi zako. Next.js (zana ya kutengeneza tovuti), kabla ya kupiga heshi, huongeza chumvi, yaani herufi za nasibu zinazobaki kwenye mashine ya mtumiaji, hazitumwi kokote.

fundi_kondele: Lakini dada, kila laptopu ikiwa na chumvi yake, si duka la Ahero litarudi kuwa miradi mitatu?

mama_seva: Ndiyo hivyo. Basi zalisha UUID (kitambulisho kirefu kisichojirudia) ya nasibu mara moja, iweke kwenye faili la mipangilio linaloingia Git. Atakayenakili hazina ataibeba.

jirani_wa_lolwe: Na anayeanza kazi mpya kwa kunakili folda ya zamani (sisi sote!) ataibeba pia, na miradi miwili itahesabiwa mmoja. Halafu usihifadhi IP (anwani ya mtandao ya mtumiaji) pembeni yake, utakuwa umefunga mlango ukaacha dirisha. Na mwekee mtumiaji njia ya kuzima hesabu hiyo.

fundi_kondele: UUID basi. Njia ya kuzima naandika leo usiku, stima ikikubali.